Nyuzi

Nilimwambia mama, nimeongeza nyuzi tano.
Akauliza, za rangi gani?
Amekaa chini ya kiyoyozi, kofia ya ami magotini,
sindano ikitoka tundu hili ikiingia lile,
na mimi nimetandaza gazeti kwenye meza yake ya chai,
gari langu limelala chali kama kasa.

Si za kushonea, mama. Za mota.
Nyuma yake pana kifuniko: unalegeza skrubu tatu,
unakizungusha upana wa ukucha,
na umeme unaanza kufika kabla ya sumaku.
Kama mtu anayekujibu
hujamaliza kuuliza.

Kama baba yako, akasema,
akakata uzi kwa meno.

*

Mabela, Agosti, saa tatu za usiku. Lami bado
inalipa jua ililokopa mchana.
Nyuma ya duka la fanicha lililofungwa tumechora njia
kwa mpira mkuukuu wa zimamoto:
kona saba, na mnyoosho mmoja mrefu
unaokwishia kwenye pipa la taka la manispaa.

Azzan ametia gia ndogo ya meno ishirini na sita.
Anaupenda ule mluzi unaopanda, unaopanda,
kama birika lisilo na mtu wa kuliepua.
Mimi nina ishirini na tatu. Kisha ishirini na nne.
Kisha tena ishirini na tatu,
vidole vyeusi, na bisibisi imebingirika mara mbili
chini ya Landikruza ya watu.

Hakuna jino la bure.
Mbio unazozipata mwisho wa mnyoosho
unazilipia ukitoka kwenye kona,
na usipotaka kulipa hapo, mota itakudai kwa moto.
Haya nimeyajua kwa kuunguza.
Mbili mwaka huu peke yake. Harufu ile,
vanishi ya waya ikiiva,
haitoki kwenye buibui hata ulifukize udi.

*

Wenzangu wana kipimajoto cha bastola, kinadondosha nukta nyekundu.
Mimi naweka kidole.
Nahesabu kwa Kiswahili,
ingawa uwanjani tunagombana kwa Kiarabu
na kwa Kimalayalamu cha Biju anayetuuzia betri.
Moja, mbili, tatu, nne, tano: ongeza jino.
Ukikitoa kwenye mbili, punguza.
Ndivyo mama alivyonifundisha kupima chuma
cha mkate wa ufuta, nikiwa na miaka sita,
mkono wake juu ya mkono wangu.

Baada ya mizunguko mitatu ya majaribio
nilikitoa kwenye moja.

Basi nikazirudisha nyuzi zote tano,
nikashuka hadi meno ishirini na mawili.
Azzan akachungulia. Mwendo wa bibi harusi, akasema,
na wote wakacheka, na Biju akacheka
kabla hajatafsiriwa.

*

Dakika nane.
Ananipita kwenye mnyoosho, namrudia konani.
Ananipita. Namrudia.
Dakika ya sita mluzi wake ukapwaya,
ukawa kikohozi, na gari likasimama karibu na pipa
likitoa uzi mwembamba wa moshi,
mweupe, ulionyooka, maana hapakuwa na upepo.

Sikushinda mimi.
Alishinda Harith, miaka kumi na mitatu,
kwa gari la kuazima lenye mota
ambayo tangu itoke kiwandani hakuna aliyeifungua.
Hata yeye alishangaa. Alikuwa akitafuta
mahali pa kuweka soda yake.

*

Nimerudi saa sita. Mama yu macho, anafumua.
Mstari mzima: aliuvuta mno,
kitambaa kimejikunja kama paji la uso.
Lundo dogo la hudhurungi kwenye sahani ya kikombe.

Nyuzi ngapi hizo? nikamuuliza.

Sikuhesabu, akasema.
Nenda kanawe hiyo mikono.